Mashine Imenyamaza

Laptopu iliwaka. Taa ndogo ya pembeni ikawa ya buluu, feni ikazunguka, skrini ikajaa rangi. Lakini haikusema kitu.

Wesonga aliweka kiganja juu ya kibodi akangoja. Siku zote ikiwaka, msomaji humwambia saa, humwambia betri imebaki kiasi gani, kisha humsomea kilichofunguka. Huyo msomaji ni programu tu, sauti ya mwanamume wa kigeni anayeongea kama ana mafua, lakini tangu Wesonga apofuke ndiye anayemwezesha kufanya kazi. Alibonyeza vitufe vya kumwamsha. Akabonyeza tena kwa nguvu zaidi, kana kwamba kosa ni la vidole vyake.

"Imewaka?" akauliza.

"Imewaka," mkewe Nanzala akajibu. "Iko sawa kabisa. Picha ni safi kuliko ya zamani."

"Picha ni yako. Mbona haisemi?"

Nanzala akainama karibu na skrini. Chini kabisa, kando ya saa, palikuwa na alama ndogo ya spika, na juu yake msalaba mwekundu.

"Hakuna sauti," akasema. "Lakini ni kitu kidogo. Nitaitafuta."

Ilikuwa Jumanne alasiri. Ofisi ya utafiti iliyompa Wesonga kazi ilikuwa imeleta programu mpya, na programu hiyo haikukubali mfumo wa zamani wa laptopu yao. Kazi yenyewe ilikuwa kusikiliza mahojiano ya wagonjwa wa kifua kikuu, wengi wao wakiongea Kibukusu, na kuyaandika kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi. Aliifanya vizuri kuliko wenzake. Mwenye macho husikiliza huku akichungulia simu. Wesonga alisikiliza tu. Mafaili mapya yalikuwa yameshawekwa kwa jina lake, na la kwanza lilipaswa kurudishwa likiwa limekamilika kabla ya Ijumaa saa sita mchana, ndani ya programu hiyo mpya na si kwingine.

Fundi mmoja wa mjini alikuwa ametaka kukaa na mashine wiki nzima. Nanzala akakataa. Alikuwa na diploma ya uhazili, alikuwa karani wa shule ya kibinafsi hapo Kimumu, na hakuona sababu ya kumlipa mtu asome maagizo ambayo yeye mwenyewe anaweza kuyasoma. Aliomba ruhusa ya mchana, akatazama video kwenye simu, akachomeka flashi, akafuata kila hatua. Mfumo mpya ukaingia bila matata. Ulipoingia, ukafuta wa zamani wote.

"Kama unasumbua, rudisha ule mfumo wa kwanza," Wesonga akasema.

"Haupo tena. Na hata ukirudi, kazi yako haifunguki kwake. Utaongea na mashine ukiwa huna kazi?"

 Mkono wa Wesonga ulibaki juu ya kibodi, vidole vikiwa mahali pake, tayari.

*

Kesho yake Nanzala aliilaza laptopu kifudifudi mezani, akamsomea Wesonga kibandiko cha chini: jina la kampuni, jina la modeli, namba. Alisoma kwa sauti huku akinakili kwenye simu.

"Kila mashine ina draiva zake," akaeleza, kama mwalimu aliyejifunza somo jana. "Ni programu ndogo ndogo. Moja inaifundisha kutoa sauti, nyingine kushika WiFi, nyingine kuchora picha. Mfumo mpya haukuja na zetu. Nikipata za modeli hii nikiziweka, imeisha."

"Za modeli hiyo," Wesonga akasema.

"Hii iliyoandikwa hapa. Ni nini?"

"Hapana. Endelea tu."

Kwa kuwa hata intaneti ya laptopu ilikuwa imekufa, ilibidi Nanzala aende saiba, duka la intaneti lililo karibu na steji ya matatu, flashi mkononi. Alipata ukurasa wa kampuni, akaandika modeli, draiva zikajipanga. Akazipakua, akarudi nyumbani, akaibonyeza ya sauti. Kijisanduku kikatokea: kifaa hakikupatikana. Akajaribu ya mwaka wa nyuma yake. Kifaa hakikupatikana. Akajaribu ya WiFi. Mashine ikafikiri kwa muda mrefu, kisha ikasema haioni kitu cha kuwekewa draiva hiyo.

Alirudi saiba. Kijana wa kaunta aliitazama ile modeli kwenye kioo chake akacheka.

"Mathe, hii laptop mngeipeleka museum. Watoto waende trip waione."

"Nimekuja kupakua, sikuja kuuliza umri wake."

"Nasema tu. Ukitaka hizo draiva za zamani kuna site zingine, lakini ukiingia huko usinilaumu."

Akaingia huko. Zilikuwa kurasa zilizojaa matangazo ya kamari na wasichana, na vitufe vitano vya kupakua, vinne vya uongo. Nanzala alisoma kila herufi kabla ya kubonyeza. Alirudi nyumbani na kitu kilichoitwa draiva ya sauti, akakiweka, mashine ikasema imekamilika, ikajizima, ikajiwasha. Wesonga alikuwa ameketi wima, kichwa kimeinama upande mmoja, akingoja kama mtu aliyeko mlangoni kwa watu.

"Sasa?" akauliza.

Msalaba mwekundu ulikuwa pale pale.

"Bado."

Simu ya Wesonga ikalia kabla hajasema neno. Alikuwa Awuor, msimamizi wake wa ofisi ya utafiti. Nanzala aliijua sauti yake. Alikuwa mtu wa heshima, na heshima yake ilichosha kuliko matusi.

"Mzee Wesonga, habari ya nyumbani? Naona hujaingia kwa programu mpya."

"Mashine ina shida ya sauti, madam. Tunaishughulikia."

"Sawa. Nakukumbusha tu, Ijumaa saa sita system inajifunga yenyewe. Mtu ambaye hajarudisha faili la kwanza, mafaili yake yanagawiwa wengine, na jina linatoka kwa orodha. Si mimi, mzee. Ni system."

"Naelewa."

"Na tafadhali, ile form ya usiri bado ni ile ile. Hakuna mtu mwingine anaruhusiwa kusikia wala kusoma. Hata wa nyumbani."

"Naelewa, madam."

Fomu hiyo Wesonga aliitia alama ya kidole gumba. Alikuwa amewaambia anajua kutia sahihi, mkono haujasahau. Wakamshika kidole wakakipaka wino.

*

Alhamisi asubuhi Nanzala alimngoja mwalimu mkuu, Bi. Kavetsa, nje ya ofisi yake, ingawa dawati la Nanzala lenyewe lilikuwa hatua chache kutoka kwenye mlango huo na angeweza kuingia kama siku zote. Kuomba kulimfanya ajione mgeni.

"Nilikuwa nauliza kuhusu laptopu moja ya maabara," akasema alipoitwa. "Mpaka kesho mchana tu. Ni ya mzee."

"Zile zina mitihani, Nanzala."

"Zile nne za nyuma hazina. Mimi ndiye niliyeziorodhesha."

Bi. Kavetsa akaweka kalamu chini. Hakuwa mkali. "Hebu niambie. Mzee si haoni?"

"Haoni."

"Sasa ataitumiaje?"

"Inamsomea. Kuna programu."

"Aa." Alitabasamu kama mtu aliyesimuliwa jambo la watoto. "Mpe pole sana. Lakini nikitoa moja, kesho kila mwalimu atakuja na shida ya nyumbani. Na ikianguka? Si kusema ataiangusha, lakini unajua. Mtu asiyeona."

Nanzala alisema asante. Alirudi kwenye dawati lake, akaandika barua tatu za wazazi wenye deni la karo, akaomba ruhusa nyingine, ikakatwa kwenye likizo yake.

Alimpata fundi mwingine mjini, msichana aitwaye Nduta, aliyekodi meza kwenye ghorofa ya pili kati ya mshonaji wa mashela na muuza vipodozi. Nduta aliandika kwenye laptopu bila kuketi, akafungua orodha ya vifaa, akatazama mistari mirefu ya herufi na namba. Kisha akaigeuza, akasoma kibandiko cha chini, akacheka kidogo kwa pua.

"Mama, umekuwa ukitafuta draiva za hii modeli ya chini?"

"Siku mbili sasa."

"Ungetafuta mpaka Krismasi. Hii ndani si hii nje."

Alifungua skrubu, akainua kava. Alimwonyesha Nanzala bodi ya kijani iliyokaa kombo, imefungwa kwa skrubu mbili pahali pa sita, na kipande cha kadibodi kilichokatwa kujaza pengo.

"Kava ni la kampuni moja, bodi ni ya kampuni nyingine. Mtu alitoa ile yenu akaweka hii. Na hii, aliyeitengeneza aliishia kwa mfumo wa zamani. Hakuandika draiva za huu mpya, na hataandika. Si kwamba ni ngumu kupata. Hazipo."

"Hazipo kabisa?"

"Kabisa. Naweza kukurudishia ule mfumo wa zamani sasa hivi, itaongea kabla hujashuka hizo ngazi."

"Kazi yake haifunguki huko."

Nduta akaangalia bodi, akamwangalia Nanzala. "Basi kuna kadi ya sauti ya nje. Ni kitu kidogo unachomeka kwa USB, hiyo mfumo mpya unaijua. Nitakuwa nayo kesho nikifungua. Sauti utapata. Lakini sikudanganyi, mama, hii bodi haina nguvu. Hata picha, ingawa unaiona safi, inajichora kwa shida kwa sababu draiva ya picha nayo haipo. Ukiweka programu kubwa, itahema."

Nanzala hakusikia hayo ya mwisho vizuri. Alikuwa anafikiria jina la mtu mmoja. Laptopu hiyo, tangu iingie kwao, ilikuwa imefunguliwa na fundi mmoja tu, aliyeitwa, kwa maneno ya Wesonga, kusafisha feni.

*

Obonyo alitengeneza simu na kompyuta kwenye kibanda cha mabati karibu na steji ya Kimumu. Aliabudu nao kanisa moja. Alipomwona Nanzala akija na laptopu kwapani, alisukuma kiti mbele kwa mguu.

"Shemeji, karibu. Mzee hajambo?"

"Umetuibia, Obonyo."

Wateja wawili waliokuwa wakingoja simu zao waliinua vichwa. Nanzala hakupunguza sauti. Alieleza bodi, skrubu mbili, kadibodi. Alieleza kwamba mtu mwenye macho asingeletewa takataka hiyo, ila kipofu unaweza kumwekea hata bodi ya redio, atajuaje. Alisema kama angekuwa yeye, angeona haya kupanga mstari wa meza ya Bwana na watu anaowaibia. Alisema mengi, na yote aliyasema kwa mpangilio, kama anayesoma barua aliyoiandika mwenyewe.

Obonyo alimngoja. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa aibu, lakini haikuwa aibu ya mwizi.

"Umemaliza, shemeji?"

"Nataka bodi yetu."

"Bodi yenu iliungua. Ilijaa chai. Chai ya maziwa na sukari, ilikuwa imegandia mpaka kwa processor." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Mimi niliitwa na mzee, nikaikuta hivyo. Nikamwambia bodi ya aina ile sina, ila ninayo ingine, itaingia kwa nguvu. Akasema weka. Akasema mama asijue."

Mteja mmoja alikohoa, mwingine akasema chini chini, "Kumbe ni mambo ya nyumba."

"Mwulize," Obonyo akasema. "Mimi nilikatazwa."

Nanzala alisimama pale, laptopu kwapani. Alijua kuna neno linalotakiwa kusemwa kwa mtu uliyemwita mwizi mbele ya watu, na alilijua neno lenyewe, lakini halikutoka. Aliondoka. Nyuma yake alimsikia Obonyo akimwambia mteja simu yake iko tayari.

*

Wesonga alikuwa ameketi mezani mbele ya pahali patupu pa laptopu.

"Imekuwaje?" akauliza aliposikia mlango.

"Nimetoka kwa Obonyo."

 Nanzala akaweka laptopu mezani, si kwa upole.

"Ilikuwa chai ya nani?" akauliza.

"Yangu."

"Nilikuachia thamosi nikakuambia ungoje nirudi."

"Ulichelewa."

"Nilikuwa kazini, Baba Brigid. Sikuwa sokoni natembea."

"Najua ulikuwa kazini. Nilitaka chai. Mtu mzima akitaka chai saa nne, anataka saa nne, si saa nane mwenye macho akirudi." Alipapasa ukingo wa meza. "Nilimimina vizuri. Kikombe kilijaa sawasawa, sikumwaga hata tone. Nilikipiga na kiwiko nikiketi."

"Na ukanificha."

"Ungefanya nini?"

Nanzala angeiondoa thamosi. Angeiweka juu ya kabati, na jiko angelifungia, na angesema ni kwa usalama wake. Wote wawili walijua.

"Hilo sawa," akasema hatimaye. "Ni lako na chai yako. Lakini wiki hii? Nimekusomea namba za kava, nikazisoma tena. Nimekwenda saiba, nimerudi, nimekwenda. Umekaa hapo unasikia. Unajua ndani si hiyo."

"Obonyo aliniambia bodi ni bodi, zote ni sawa."

"Ulimwamini?"

Wesonga aligeuza uso ukutani. "Jana ulipoanza kusoma nilitaka kusema. Kisha nikafikiri, labda atapata. Akipata, hakuna haja ya kusema."

"Siku nzima ya jana, Wesonga."

"Nilijua ni siku nzima. Nilikuwa naihesabu."

Nanzala aliketi mbali naye, kwenye kochi. Hakulia. Alimpigia simu Nduta kuhakikisha kesho atafungua mapema, akasema asante, akaanza kuchambua mchele, akiugonga ungo kwa nguvu kuliko mchele ulivyohitaji.

*

Ijumaa Nanzala aliipata kadi ya sauti. Ilikuwa ndogo kama kifundo cha kidole. Aliichomeka, Wesonga akavaa hedifoni, na kabla Nanzala hajauliza aliona mabega ya mumewe yakishuka.

"Inaongea," akasema. "Inasema ni saa nne kasoro." Akatabasamu, tabasamu la kwanza tangu Jumanne. "Mafua yake bado anayo."

Alibonyeza haraka, vidole vikikumbuka njia. Nanzala alimwingizia intaneti kwa waya wa simu, kama Nduta alivyomwonyesha. Programu mpya ikafunguka polepole, ikaomba jina, ikaomba namba ya siri. Kisha faili la kwanza likaanza kushuka, mahojiano marefu, na hapo feni ikapanda sauti kama ndege inayotaka kuruka.

Tabasamu likaisha. Wesonga alibonyeza, akangoja, akabonyeza.

"Nini?"

"Anakatika. Anasema fa, fa, fa. Nimebonyeza mara moja, amekaa, sasa anasema mambo ya zamani. Sijui niko wapi."

Nanzala alifunga kila alichoweza kufunga. Aliizima picha ya nyuma, akazima rangi. Msomaji alizidi kukatika. Wesonga alipomzima msomaji kabisa, mahojiano yalicheza vizuri, sauti ya mwanamke aliyekuwa akikohoa kati ya maneno. Lakini bila msomaji hakujua kitufe cha kusimamisha kiko wapi, wala kama anachoandika kinaingia. Aliandika mistari michache. Nanzala akatazama kutoka mbali, akaona yote yameingia kwenye kisanduku cha kutafutia.

"Nitakuwa msomaji," akasema.

"Hapana."

"Wewe vaa hedifoni, sikia peke yako. Mimi nitabonyeza na kukuambia umeandika nini. Basi."

"Kusoma ni sawa na kusikia. Niliweka kidole."

"Walikushika kidole. Na ni nani atajua?"

"Mimi."

"Siri za watu ndizo zitamlipia Brigid karo? Zitalipa hii nyumba?" Alikivuta kiti akaketi kando yake. "Saa zinakwenda. Ukishindwa kwa sababu ya mashine nitaelewa. Kwa sababu ya hii, sitaelewa."

Wesonga aliweka mikono mapajani. Kisha akaivuta kibodi karibu.

"Usisome kwa sauti mpaka nikuulize," akasema.

Wakafanya hivyo. Nanzala alibonyeza, Wesonga akasikiliza, akaandika kwa vidole kumi, haraka kama zamani alipokuwa karani wa ghala la mahindi kule Turbo. Nanzala alisimamisha alipoguswa mkono, akarudisha alipoguswa mara mbili. Ukurasa ukajaa. Wa pili ukaanza. Kwa muda mfupi walikuwa kama watu wawili wanaokamua nguo moja nzito, kila mmoja kashika upande wake.

Nanzala alijaribu kutosoma. Lakini macho hayana pazia. Mgonjwa aliuza omena, samaki wakavu wadogo, karibu na steji. Mgonjwa alikuwa pacha, na mwenzake alizikwa Busia mwaka jana. Mgonjwa alihama kiti kanisani, akaenda nyuma karibu na dirisha, akawaambia watu ni kwa sababu ya joto.

Mkono wa Nanzala ukasimama juu ya kitufe.

"Huyu ni Mama," akasema, na kabla ya kujizuia jina la mtoto wa kwanza wa mwanamke huyo likawa limeshatoka.

Wesonga aliacha kuandika.

"Aliniuzia omena Jumamosi," Nanzala akasema. "Alinishika mkono. Alimbeba mtoto wa—"

"Nyamaza."

"Sitamwambia mtu."

"Umeshaniambia mimi. Hujakaa nayo hata dakika moja."

"Wewe si ulikuwa unajua? Ulimsikia sauti."

"Nilimjua alipokohoa. Lakini mimi nilinyamaza." Alivua hedifoni, akaziweka mezani. "Hiyo ndiyo kazi waliyonipa, Nanzala. Kuandika kila mtu anaweza."

"Imebaki kurasa chache. Maliza. Nitafumba macho."

"Utafumba macho utabonyeza nini?"

 Nanzala alitazama saa kwenye pembe ya skrini, akamtazama mumewe. Angeweza kumlazimisha, alikuwa amemlazimisha mara nyingi, kula, kuoga, kwenda kanisani miezi ile ya kwanza ya giza. Lakini mikono yake Wesonga ilikuwa imerudi mapajani, imekunjwa, na Nanzala aliona kwamba hii haikuwa imelegea kama mikono ya siku zile. Ilikuwa imefungwa.

"Basi tumpigie Awuor," akasema. "Tumwambie ni mashine."

"Tumwambie kadi ya sauti ilifanya kazi, kisha tumwambie nini?"

Hawakupiga simu. Nje, mpangaji wa jirani alikuwa akipiga pasi huku amefungulia redio, na mtangazaji alikuwa akicheka na msikilizaji. Nanzala aliondoa kidole kwenye kitufe. Alianza kusema pole, akasema badala yake kwamba atapitia shuleni alasiri, kwamba Bi. Kavetsa ataona amekosa nusu wiki. Wesonga akaitikia kwa kichwa.

Saa sita ikatimia, skrini ikajifungua upya yenyewe. Ukurasa wao, na ule wa pili ulioanza, ukaondoka. Orodha ya mafaili yenye jina lake ikafupika kutoka chini kwenda juu, moja baada ya jingine, mpaka ikabaki nyeupe. Feni ikapunguza mwendo, kisha ikanyamaza.

"Imekuwaje?" Wesonga akauliza aliposikia feni imenyamaza.

Nanzala hakutaka kuwa yeye wa kumwambia. Akabonyeza vitufe viwili alivyomwona mumewe akivibonyeza kila asubuhi, akamwamsha msomaji.

Sauti ikatoka kwenye hedifoni zilizolala mezani, ndogo lakini wote wawili waliisikia. Ilisema saa. Ikasema betri. Kisha ikasoma kilichokuwa kwenye skrini: hakuna kazi kwa jina hili. Haikukatika hata mara moja. Mashine ilikuwa haina tena mzigo.

"Sasa inaongea vizuri," Nanzala akasema.

Wesonga alinyosha mkono, akapapasa mpaka akaipata kibodi, akabonyeza irudie. Ikarudia.